Rilei ya Shimo la Pembeni

"Kwani wewe, shoga, honi uliisikia?"

Bi Fathiya, jirani wa nyumba ya pili, ndiye aliyeuliza hivyo siku ya kufunga matanga. Wanawake walikuwa wanaosha masinia uani, na Bi Jokha amekaa juu ya mkeka ndani ya nguo zake nyeupe za eda. Swali liliulizwa kwa sauti ya chini, lakini masinia yote yalinyamaza kwa pamoja.

Bi Jokha hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alizisogeza tasbihi zake mpaka zikafika kwenye fundo, ndipo aliposema:

"Sikuisikia."

"Hata kidogo?"

"Fathiya, nlikuwa dirishani. Nlisikia matairi kwenye mchanga, nkasikia na kishindo. Honi sikuisikia. Mungu ndiye shahidi wangu."

Neno hilo halikulala pale uani. Kabla ya Magharibi lilikwishafika dukani, likafika msikitini, na kesho yake askari wa barabarani akaja kulichukua kwa kalamu, Bi Jokha akilirudia nyuma ya pazia vile vile, bila kuongeza wala kupunguza.

Mtu asiyeijua Chukwani anaweza kuona ajabu watu kushughulika na honi hali maiti keshazikwa. Lakini njia ya kwao ni nyembamba, mchanga na mawe, na ikifika nyumbani kwa Bi Jokha inakata ghafla baina ya kuta mbili. Anayetoka hamwoni anayekuja. Kwa hivyo upo ustaarabu wa pale pale: gari ikikaribia kona hupiga honi mara mbili, na anayekwenda kwa miguu hujibana ukutani akangoja ipite. Watoto wa chuo cha Kurani wanalijua hilo kabla hawajamaliza alifu.

Na mumewe, Mzee Mcha, alikuwa akiishi kwa honi hiyo. Mtoto wa jicho alikwishamfunika macho yote mawili, haoni ila mwanga na vivuli. Hata hivyo msikitini hakupelekwa na mtu. "Macho yangu yamehamia masikioni," akisema, na akimwambia mkewe, "usiniuguze mapema, Jokha." Akifika konani alikuwa akisimama, akiinamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe, na akishahakikisha kimya, huvuka.

Siku ile, wakati wa Alasiri, alisimama. Bi Jokha alimwona kwa macho yake kutoka dirishani. Alisimama, akainamisha kichwa, akasikiliza, akavuka. Gari ya Talal ikatokea.

Talal si mtu wa kuja. Kazaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, kasoma chuo kimoja na Munir, mtoto wa pekee wa Bi Jokha, wakichapwa kwa bakora moja. Kazi yake ni kuchukua wageni katika mahoteli ya Mji Mkongwe na kuwapeleka wanakotaka. Hakuwa mlevi wala mtu wa fujo. Siku ile alishuka garini kama aliyechomwa, akamchukua mzee mikononi mwake, damu inamwagikia shati, anapiga kelele: "Nlipiga honi! Wallahi nlipiga! Mzee Mcha, mbona hukusikia?"

Mzee hakuwa tena wa kusikia.

Baada ya mazishi Talal alirudia maneno yale yale. Na Ijumaa moja, bila ya kulazimishwa na mtu, alishika msahafu mbele ya watu msikitini, akaapa kwamba alifika konani akapiga honi mara mbili kama siku zote.

Basi watu wakawa na maneno mawili yasiyokaa nyumba moja. Huyu kaapa kuwa kapiga. Yule kasema haikulia. Na Bi Jokha, mtaa mzima unajua, ni mtu wa sala zake na funga zake, hajapata kukamatwa na uongo hata wa mzaha. Watu wakachagua. Wakasema Talal kala kiapo cha uongo juu ya msahafu, na njia ya mwongo ni fupi, tutamwona. Kwenye safu ya sala wakawa wanamwachia nafasi huku na huku, kama mtu mwenye ugonjwa. Mkewe Rawiya, mwenye mimba kubwa, akaacha kutoka hata kwenda dukani.

Bi Jokha aliyasikia yote hayo akiwa ndani. Kizuka, mjane aliye edani, hatoki. Dunia yake ilikuwa mkeka, msala na dirisha, na dirishani alikaa, akiitazama ile kona. Hakuwa na chuki na Talal. Lakini alilosikia alilisikia, na ambalo hakulisikia hakulisikia.

Gari ilipotolewa na polisi, Talal hakuipeleka kwa mtu mwengine. Aliileta kwa Munir, ambaye ni fundi wa umeme wa magari na kazi zake anafanyia uwanjani, ubavuni mwa nyumba yao, chini ya turubali.

"Munir, ndugu yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imechakaa. "Polisi waliibonyeza honi, haikulia. Nimewambia imekufa kwenye ajali, wananicheka. Itazame wewe. Nataka nijue tu."

"Iache, ntaitazama."

"Itazame sasa. Nimo hapa hapa."

Bi Jokha alisogeza pazia kidole kimoja. Alimwona mwanawe anafungua boneti, anafungua na kile kisanduku cheusi cha fyuzi. Munir ni mtu wa mikono miepesi. Akifanya kazi huimba, huku akichomeka taa yake ya kupimia hapa na pale kufuata moto wa betri unapofika na unapokatika. Safari hii hakuimba. Wala taa hakuitoa mfukoni. Aliinama juu ya kisanduku, akatulia muda mrefu, kama mtu anayesoma kaburi. Kisha akamgeukia Talal: "Nichotee maji ya kunywa hapo mtungini, koo limenikauka."

Talal alipogeuka tu, Munir alichomoa kitu kidogo cheusi, akakitia mfuko wa suruali. Akatoa kingine kipya kwenye boksi lake, akakipachika.

Bi Jokha aliusogeza uso karibu na dirisha. Mwanawe hatii vyuma vibovu mfukoni. Lipo kopo la maziwa ya unga kando ya mlango, na humo ndimo vinamoingia vyote, fyuzi zilizoungua, rilei zilizokufa, vipande vya waya, mpaka likijaa akauza kwa wachukua vyuma. Kopo lilikuwa hatua moja tu kutoka mguuni pake.

"Bonyeza," Munir alimwambia Talal.

Honi ililia. Mara mbili. Ilipiga ukuta, ikarudi, ikajaza chumba cha Bi Jokha mpaka tasbihi zikamtoka mkononi.

Talal aliweka kipaji cha uso juu ya usukani akalia kama mtoto. "Ndo hii! Ndo sauti yenyewe! Ilikuwa na nini?"

"Waya," alisema Munir, akifunga boneti. "Ulikatika kwa kishindo cha ajali."

"Kwa hivyo kabla ya ajali ilikuwa nzima?"

"Nzima."

Talal hakuona shimo alilochimbiwa, lakini Bi Jokha aliliona. Ikiwa honi ilikuwa nzima na haikusikika, basi haikupigwa. Neno lile dogo la Munir lilikwishafunga mlango wa mwisho.

Alikaa chini ya dirisha, na akili yake ikarudi siku ya ajali, si Alasiri bali mchana wake, alikokuwa hajataka kurudi.

Asubuhi ile Talal alileta gari hiyo hiyo. AC ilikuwa inapuliza upepo wa moto, na ana wageni wa kuwapeleka Fumba. "Watanichemkia humu kama mapweza," alisema, akacheka. Munir akaishughulikia. Gesi ipo. Fyuzi nzima. Alihangaika nayo mpaka adhana ya Adhuhuri, akasali mbio mbio, akarudi. Bi Jokha aliandaa chakula. Nyumba yao wanakula sinia moja, na Mzee Mcha hakuwa mtu wa kutia mkono mpaka mwanawe akae. Alikwishanawa, amekaa, mkono kauweka gotini, unangoja.

"Munir!" Bi Jokha aliita dirishani. "Wali unapoa!"

"Nnakuja, Mama, namalizia!"

"Kila siku unamalizia! Baba yako ana njaa!"

Uwanjani kikasikika kitu kinalia *tak*, na Munir akapiga ukelele wa furaha. Boneti ikafungwa. Akaja mbio, mikono inanuka sabuni, akakaa.

Mzee Mcha, kwa kuwa haoni, alipenda kuelezwa kila kitu. "Haya, mgonjwa wako kapona?"

"Kapona, Baba. Ilikuwa rilei. Kidude hivi, kama kibiriti, ndicho kinachofungua njia ya umeme uende kwenye kompresa ya AC. Moto unafika pale, lakini upande wa pili hautoki. Sasa nijue vipi kama ni yenyewe? Zipo za sura moja mle kisandukuni. Nimechomoa ya shimo la pembeni nikaitia mahala pake, na mbovu nikaipachika pale pembeni. Baridi hiyo! Ungedhani umefungua friji."

"Mashaallah. Na hiyo ya pembeni, kazi yake nini?"

Munir alikuwa na tonge mdomoni. Akafungua kinywa ajibu, na Bi Jokha, anayeweka bakuli la mchuzi wa changu, akamkata:

"Usiseme na chakula mdomoni! Umri wote huo!"

Mzee Mcha akacheka, akachukua samaki. Mara Talal akapiga hodi mlangoni. Wakamkaribisha sinia, akasema nshakula, wageni wananingoja, ufunguo uko wapi. Munir akamwonesha kwa kidevu msumari wa ukutani. Akaondoka. Na swali la mzee likabakia pale juu ya sinia, hakuna aliyelijibu, mpaka alipofika nalo konani.

Siku ile aliyoona kitu kinatiwa mfukoni, Bi Jokha hakumwita mwanawe mara moja. Alisali kwanza. Aliomba akosee. Alimwomba Mola wake amwoneshe kuwa yeye ni mwanamke tu wa darasa la saba, hajui mambo ya magari, kaunganisha visivyoungana. Alipotoa salamu, Munir alikuwa anapita ukumbini.

"Munir."

"Naam, Mama."

"Kaa."

Alikaa ukingoni mwa mkeka.

"Baba yako alikuuliza kitu kwenye sinia, siku aliyokufa. Hukumjibu, nlikukataza mimi. Sasa nijibu. Ile ya pembeni kazi yake nini?"

Munir alitazama vidole vya miguu yake. Nje alipita muuza mikate anaita, akaishia.

"Honi," alisema.

Bi Jokha alifumba macho. Alikuwa anajua, lakini kujua ni kitu na kuambiwa ni kitu.

"Kitoe."

Munir alitia mkono mfukoni. Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Kidude cheusi chenye vijiti vinne vya shaba, kimeungua kidogo upande mmoja. Bi Jokha alikishika, akakifunga katika pindo la kanga aliyojifunika, akakaza fundo kwa meno.

"Ulisahau?" aliuliza, na ndani ya swali hilo alikuwa akimwombea.

Munir angeweza kusema ndiyo. Pengine ilikuwa heri angesema.

"Sikusahau, Mama. Alipochukua ufunguo nlikumbuka. Nkasema, akirudi jioni ntamtilia nyengine. Nlikuwa na njaa. Nkasema moyoni, nani anakufa kwa honi?"

"Baba yako."

Alijiinamia, mabega yanatikisika. Bi Jokha alitaka kumshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Mkono ulinyanyuka, ukarudi pajani.

"Nenda kwa Talal," alisema. "Ukitoka kwake, nenda kwa askari."

"Mama, watanifunga. Na wasiponifunga, ntakaa wapi? Ntaitwa mtoto aliyemuua babake. Watoto watanionesha kidole. Mzee keshakwenda, hata nikisema harudi."

"Talal hajakwenda bado."

"Talal alikuwa mbio!"

"Alikuwa mbio? Umemwona?"

Munir aliuvuta uzi wa mkeka.

"Mimi nshatoa ushahidi," Bi Jokha alisema polepole. "Nimesema kweli tupu, na kweli yangu inamchinja mtu asiyekosa. Kila nikisujudu nnaisikia shingo yake chini ya kisu. Ipo aya babako alikuwa akitusomea, ya kusimamia haki japo ni juu ya nafsi yako, juu ya wazazi wako, juu ya jamaa zako. Mimi nlikuwa naitikia tu, nikidhani ni ya mahakimu. Nenda mwanangu. Nenda kwa miguu yako. Usinifanye nikupeleke mimi."

Hakwenda. Bi Jokha alimngoja siku hiyo, akamngoja wiki ile, na nyengine. Munir alianza kutoka alfajiri na kurudi jua limezama. Akipewa chakula alisema nshakula mjini. Sinia Bi Jokha alilitundika ukutani, akawa anakula kwenye sahani peke yake. Fundo la kanga hakulifungua. Akilala linamchoma ubavuni, akisimama kusali linamgonga goti.

Bi Fathiya alileta habari, kama kawaida yake. "Kesi ya Talal imekaribia. Wanasema atafungwa, na anastahiki. Lakini mbona uso wako hivyo, shoga? Si ushahidi wako huo umekubaliwa?"

"Mzigo wa mwenzio, Fathiya," alijibu Bi Jokha, "ni kanda la usufi."

Alhamisi baada ya Alasiri, Talal alipiga hodi. Kwa bahati, au kwa lisilokuwa bahati, Munir alikuwapo. Homa ilimrudisha mapema. Bi Jokha aliteremsha pazia, akakaa upande wa ndani. Chini ya pazia aliona nyayo za Talal, zenye vumbi, na za Munir zilizojikunja pembeni.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukutaka radhi." Nyayo zake zilisogea karibu na pazia. "Kesho kutwa nnakwenda mbele ya hakimu. Ntasema sikupiga honi."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Kwa sababu wewe husemi uongo. Nimefikiri sana. Mkono wangu unakumbuka, Bi Jokha, wallahi unakumbuka. Lakini nlikuwa nimefunga vioo kwa ajili ya AC, feni inavuma, redio inasema. Masikio yangu hayakumbuki kitu. Na Munir kanambia honi ilikuwa nzima. Basi ingelia, ungesikia. Nimekaa nayo hesabu hiyo mpaka nimeona sina akili. Lazima ni mimi. Nimeshika msahafu nikaapa uongo bila ya kujua, na sijui Mungu atanifanya nini. Rawiya karibu anajifungua. Nataka mtoto azaliwe nshakiri."

Bi Jokha aliinamisha kichwa upande, akasikiliza. Alimsikilizia mwanawe. Alimpa nafasi ya pumzi moja, akampa na nyengine. *Sema, mwanangu. Bado mlango uko wazi.*

Munir alikohoa.

"Mama," alisema, "mpe radhi aende."

Basi Bi Jokha aliinama, akalifungua fundo kwa meno. Akakisukuma kile kidude cheusi chini ya pazia mpaka kikagusa nyayo za Talal.

"Talal, chukua hicho. Ulipiga honi. Mkono wako haukukudanganya. Ulipiga, haikulia, na haikulia kwa sababu hicho ni kibovu. Kilitolewa kwenye AC yako mchana ule, kikapachikwa kwenye honi. Usikiri kwa hakimu kosa usilofanya. Mimi nimesema kweli, na wewe umeapa kweli. Radhi ni mimi ninayekutaka wewe."

Talal alikiokota. Kutoka upande wa pili wa pazia alisikika anakigeuza geuza kiganjani.

"Munir," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Munir, sema si kweli. Sema ntakuamini."

Nyayo za Munir zilizidi kujikunja.

"Nimekula matanga nyumba hii," Talal aliendelea. "Umenipa mkono. Umenikalia msikitini mbali kama wenzio. Na kumbe umekaa nacho mfukoni?"

Hapo Munir alisimama. Alilivuta pazia kwa nguvu, kama si la kizuka, na mama na mwana wakatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, ya homa au ya jengine.

"Wewe ndiye uliyeniita nije kula, Mama," alisema.

Bi Jokha alilipokea neno hilo. Hakuligeuza, wala hakulitupa. "Ndiyo," alisema, "nlikuita. Na kwa hakimu ntalisema hilo pia."

Alingoja amjibu. Munir alipita mbele ya Talal bila ya kumtazama, akavaa ndara zake mlangoni. Bi Jokha aliinuka akamfuata mpaka kizingitini, na hapo eda ikamsimamisha. Mguu mmoja ulikwishanyanyuka, akaurudisha ndani. Alimwona mwanawe anafika konani. Pale pale aliposimama baba yake, naye alisimama kidogo. Kisha akakata kona, akenda zake, bila ya kusema neno jengine.